Njoo Useme Bila Kuimba

Kaka Deo mpendwa,

Nakuandikia barua hii mbele ya watu wote kwa sababu simu umeizima, na kwa sababu wanaokusema wanakusema mbele ya watu wote. Hapa Mutakura umekuwa gumzo. Basi na hii nayo isambae kwenye simu za watu mpaka ikufikie huko Rumonge ulikojificha.

Nimekasirika, kaka. Naanza na hilo usije ukadhani nakubembeleza.

Unakumbuka mama alipokuwa akikutuma sukari? Ulikuwa na kigugumizi kibaya. Ulifika dukani ukakwama kwenye "su", ukarudi mikono mitupu na machozi yanakutoka. Siku moja mama akakwambia, "Basi uimbe, mutoto wangu." Ukaimba sukari, ukaimba chumvi, ukaimba na sabuni, na kila neno likatoka zima. Mwenye duka alicheka mpaka akakuongezea pipi. Mimi nilikuwa nimeshika shati lako kwa nyuma, najiona dada wa mtu mashuhuri. Tangu hapo, neno zito kwako lilipita kwenye wimbo au halikupita kabisa.

Kwa hiyo ulipokwenda porini na wenzako kupigania mapinduzi, sikushangaa kusikia kwamba wewe ndiye uliyewaimbisha wapiganaji. Wimbo wako ulishuka kutoka milimani alfajiri, na sisi huku chini tukaingia uvunguni. Mama aliitambua sauti yako. Alikuwa akinong'ona tu, "Yuko muzima," halafu anatuziba midomo.

Ulirudi, ukaweka bunduki, ukashika gitaa. Bosco, mwenzako wa porini, akashika ngoma. Mkaanza kuimba mengine kabisa: kwamba mlidanganyika, kwamba damu yote ile haikujenga hata choo cha shule. Nilidhani watu watafurahi. Wapi! Wenzenu wa zamani wakasema mmenunuliwa. Majirani wakasema mnatafuta kula. Wale wanafunzi wa Mutanga Sud mliowaimbia, mmoja akasimama akauliza: jana mliimba vita, leo mnaimba amani, tutajuaje ni lini mnaigiza? Bosco akajibu vizuri. Wewe ulifungua mdomo, ukakwama, wakakupigia miluzi. Siku ile nilitamani kuwachapa watoto wa watu.

Kisha ikaja siku ya posa ya Belise, binti yangu, mpwa wako uliyemfundisha kutembea. Familia mbili tumeketi tukitazamana kama ilivyo kwetu, ndugu za mvulana upande ule, sisi upande huu. Wasemaji walishataniana kuhusu ng'ombe wa mahari ambao hakuna aliyewaona, mpaka watu wakalainika. Msemaji wetu akatangaza kwamba sasa mjomba ataimba. Na mimi nilikuwa nimekuonya jikoni: "Kaka, maneno mapya sawa, lakini ubadilishe melodi." Ukanijibu, "Me-me-melodi ingine haitoki."

Ukaomba msamaha kwa wimbo ule ule wa porini. Ule ule, kaka! Hujamaliza hata ubeti wa kwanza, Mama Odette, shangazi wa mvulana, akasimama, akakaza begani imvutano yake, kile kitambaa cha sherehe, akatoka. Upande wao wote ukamfuata. Vikabaki viti na soda ambazo hazijaisha. Belise alikaa pale na nguo zake za sherehe, mkono mdomoni. Nawe, badala ya kumkimbilia yule mama, ukatia gitaa kwenye mfuko, na asubuhi ukapanda gari la Rumonge. Ukaniachia mimi kazi ya kupita nyumba hadi nyumba naomba radhi.

Baadaye wakatuma ujumbe: harusi itakuwepo, lakini mjomba asionekane. Belise akajibu kwamba bila mjomba haolewi. Sasa mwanangu amejifungia chumbani, mchumba wake ananipigia simu analia, na mimi nasukumwa huku na huku.

Nimechoka nao. Wanataka mtu abadilike, akibadilika wanamzomea. Nadhani wengine wangependa ubaki vile vile ili wakuchukie bila kusumbuka. Lakini nimechoka na wewe pia, tena sana. Umetumia miaka kutafuta maneno mapya, na hukujiuliza hata mara moja sisi tuliokuwa uvunguni tulisikia nini. Maneno hayakutufikia kule chini. Ilifika melodi tu.

Juzi Mama Odette alikuja kwenye cherehani yangu pale Cibitoke. Alikuwa ameniachia kitambaa kabla ya ugomvi, nikajua amekuja kukichukua akashonewe kwingine. Akaketi kwenye benchi.

"Kaka yako aliimba nini?" akaniuliza.

"Si ulikuwa pale, mama?"

"Nilisikia melodi. Maneno sikusikia. Ile asubuhi bwana yangu alitoka kutafuta maziwa ya mutoto, ni ile melodi ilikuwa inashuka mulima. Hakurudi."

Nikaanza kumweleza maneno yako. Akanizuia kwa mkono.

"Apana. We si yeye. Akuje mwenyewe, aniambie mi. Na asiimbe. Kuimba anajua, hata kule porini alijua. Aseme."

"Mama, ana kigugumizi. Bila wimbo neno halitoki."

Akanitazama kama anayepima kama namdanganya. "Basi litoke pole pole," akasema. "Mi nitangojea."

Kitambaa akaniachia. Akataka nimalize kushona kabla ya harusi.

Sijui kama atakusamehe, hakuniahidi kitu. Najua tu kwamba hajawahi kumuuliza mtu mwingine uliimba nini, na kwamba Bosco hawezi kukujibia, wala mimi. Naogopa kwa ajili yako, kaka. Naogopa ile dakika utakapofungua mdomo na watu wote wananyamaza. Lakini ukikaa huko Rumonge ukiimbia walevi, watu wataamini kwamba ulikuwa unaigiza, na mimi sitakuwa na la kuwajibu.

Kwa hiyo njoo. Gitaa liache huko huko. Utasimama mbele ya yule mama, utakwama kwenye "ni", utakwama tena kwenye "sa", watu watakohoa na wengine watacheka. Usiimbe. Kwama mpaka litoke.

Nitakuwa nyuma yako, nimeshika shati.

Dada yako mdogo