Injini ya baba iko kwa kaka

Shoga, uko?

Nimeaibika kituo cha mafuta. Nimejaza dizeli kwenye pikapu ya marehemu baba kama siku zote. Sikufika hata getini, ikakohoa, ikafuka moshi, ikazima. Macho yote kwangu.

Fundi akafungua boneti, akanitazama. "Dada, hii injini ni ya petroli. Nani kakwambia utie dizeli?"

Petroli! Kwenye pikapu ya baba!

Nikampigia kaka. Hata hakukana. "Ile ya baba nimeifunga kwenye mashine yangu ya kusaga. Wewe wabeba mapipa ya maji tu, hiyo ndogo inakutosha."

Inakutosha! Kaka yangu wa tumbo moja! Baba alinipa gari hilo mimi, na yeye alikuwepo akisikia.

Wiki nzima alikaa nalo, akiniambia liko servisi.

Na kinachoniuma unakijua? Jana aliponirudishia, niliiwasha nikasikia inavyonguruma kwa upole. Nikamwambia, "Kaka, Mungu akubariki, imekuwa laini kama mpya."

Akacheka. "Kwani nina dada mwingine?"

Nami nikaenda kumpakulia chakula.