Jua Lipo?

Jumamosi, Unionville, mji wa ng'ambo tunakoishi sasa. Mawingu yanakuja na kwenda tangu asubuhi, na moyo wangu mzito.

Leo nimelowesha embe za mke wangu.

Kila mwezi wa Mei Mama Salma hukata embe mbichi za achari, huzipaka chumvi na manjano, kisha huzianika nje kwenye baraza. Kabla ya kuzitoa huniuliza, "Baba Salma, jua lipo?" Haulizi simu wala majirani. Ana haki. Uingereza nililipwa zaidi ya miaka arobaini kujibu swali hilo hilo. Nilianza kwa kubeba masanduku ya filamu, nikawa mpiga picha mkuu, nikaongoza filamu zangu mwenyewe, halafu nikarudi kwenye kamera kwa sababu ndiko nilikokuwa na raha.

Kule jua ni mgeni wa heshima. Waigizaji wameshavaa, farasi wametulizwa, kundi zima limekaa kimya linanitazama mimi, nami nimeinua kile kioo cheusi cha kutazamia mawingu, nangoja wingu lipite. Nikisema "bado," hakuna anayegusa kitu. Nikisema "sasa," kazi inaanza. Nilikosea mara chache, na nilijivuna, sikatai.

Leo nimeinua kioo kile kile kwenye jicho la kulia, kama kawaida, nikamwambia, "Toa tu, tunalo mpaka saa nane."

Sinia la pili halijafika nje, mvua ikashuka.

Tumeokota vipande pamoja. Nilingoja anikoromee, maana ulimi wa mke wangu naujua, Mtanga yule. Wapi. Alinifuta mikono kwa kanga yake, akauliza, "Tangu lini?"

Tangu majira ya baridi yalipoanza mwaka jana, nikamwambia. Katikati ya jicho pana doa, kama mtu kabonyeza kidole kwenye lenzi. Daktari kasema haliponi, na la kushoto huenda likafuata. Nilimficha kwa sababu ya filamu moja ya London. Mwongozaji wake ni binti niliyemfundisha kamera tangu akiwa mbichi, sasa anataka nikamshikie kamera, na anangoja jibu Jumatatu. Nilikuwa nimepanga kukubali. Mzee mzima, ovyo kabisa.

"Ungewaambia 'sasa'," alisema Mama Salma, "na wangekuamini."

Hapo ndipo iliponichoma. Wangeniamini kweli, na filamu ya yule binti ingeharibika mikononi mwangu.

Nimempigia mchana huu huu. Nilitaka kuanza na mzaha, nikauacha, nikasema ilivyo. Akaniomba niende hata nikae tu kando yake. Nimemwambia hapana, mwanangu, kamera ni yako sasa. Nilipoweka simu nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Embe ziko kwenye oveni, moto mdogo. Mama Salma ameketi dirishani anachambua haradali. Nimefumba jicho la kushoto nijue itakuwaje nalo likiharibika. Nikimtazama usoni moja kwa moja, hana uso. Nikigeuza kichwa kidogo, kana kwamba natazama ukutani, anarudi, shavu na pua na hereni.

"Unatazama nini huko?" ameniuliza.

"Wewe," nimemjibu.