Nani Atamtoa Rehema

Mpendwa Baba Rehema,

Binti yako anaolewa kesho, hapa hapa mtaani kwetu Agincourt, na ndugu hatusemezani.

Unakumbuka alivyopanda basi la shule mara ya kwanza? Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi Kanada, theluji magotini. Ulirudi ndani umenuna, ukaniambia, "Nimemkabidhi mtoto kwa dereva ambaye hata jina lake silijui." Nilikucheka wiki nzima.

Mchumba wake ni Kiran, Mtelugu, kijana mtulivu, ungempenda. Kwao harusi haikamiliki bila kanyadanam. Mama yake alinieleza jikoni kwangu tukimenya vitunguu. Neno lenyewe Watelugu wamelichukua kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya ibada zao: kanya ni msichana, dana ni kutoa, kutoa kabisa bila kudai chochote. Kitelugu kimeongeza mkia tu. Baba anauweka mkono wa binti katika mkono wa bwana harusi, mama anamimina maji juu ya mikono hiyo. Kisha mama Kiran akainamisha macho, akasema kwao mjane hakai kwenye nafasi hiyo ya wazazi. Hutafutwa mume na mke wengine wakae.

Mdogo wako Elia akaidaka nafasi hiyo upesi, yeye na mkewe. Elia aliyekuja kukuona hospitali mara moja tu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba hakai. Akasema naitia familia aibu. Rehema akalia, akasema basi harusi iahirishwe. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Jumatano nikampigia simu mama yake Kiran. "Mama Kiran, anayetoa si ni yule aliye nacho? Huyu nimemlea mimi."

Akasema, "Kaa wewe. Maji nitamimina mimi. Kuhani wetu niachie."

Kwa hiyo nimeshinda. Elia ametuma ujumbe kwamba haji. Nguo yangu imeshapigwa pasi, iko mlangoni, na mimi nimekaa kitandani mchana huu nafanya mazoezi, mkono mmoja nimeushika kwa mwingine, na kuuachia siwezi. Nimegombana na ukoo wako wiki nzima nipewe nafasi ya kumtoa mtoto. Sasa nimeipata, na sitaki kumtoa.

Ungekuwepo, mimi ningemimina maji tu. Kumtoa kungekuwa kazi yako.

Mkeo,
Mama Rehema