Mama Hawezi Kusafiri

Wilaya ya Bathurst, New South Wales
2 Februari 1846

Dada yangu mpendwa Honor,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko kondoo wa Bwana Pomfret, ambao mimi na Noakes hugombana juu ya idadi yao kila jioni mlangoni mwa zizi. U hali gani? Miguu yako inasemaje na baridi hiyo? Delia hajambo? Mimi mzima wa afya, isipokuwa utosi umeota upara, na jua la huku halina heshima kwa mtu mzima.

Bado nachunga. Utacheka ukilisoma hilo, nami sikulaumu. Serikali ilinivusha bahari zote kwa kuiba kondoo mmoja, tena mgonjwa, kisha ikanikabidhi kundi zima. Noakes, Mwingereza ninayekaa naye kibandani, anapika na kulinda zizi usiku. Mkate wake wa majivuni ungefaa kujengea kanisa. Wenye nchi hii walifukuzwa kama sisi tulivyofukuzwa kwetu, na malisho ninayolisha yalikuwa yao. Wakipita mbali nainamisha kichwa.

Sasa sikia. Unakumbuka nilipopata cheti cha ruhusa, kile cha mfungwa kutoka minyororoni na kufanya kazi ya ujira, niliomba serikali iniletee mke na mtoto bure? Niliomba Sabina akiwa hai. Barua yako ya msiba ilinikuta nimekwisha peleka maombi, na moyo haukunipa nguvu ya kurudi kuyafuta. Dada, yamejibiwa! Baada ya miaka yote hiyo. Karatasi inasema: Sabina Tuohy, mke, na Delia Tuohy, binti.

Serikali haileti dada za wafungwa, wake na watoto tu. Lakini karatasi haijui kwamba Sabina yuko kaburini. Njoo wewe. Njoo na Delia, kwa jina la Sabina. Nimesikia kwa waliofika juzi kwamba viazi vya kwetu vimeoza ardhini. Huku nyama ya kondoo tunakula mpaka tunaichukia.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa meli.

Mimi mdogo wako,
Malachy


Kiltanna, Kaunti ya Clare
20 Agosti 1846

Mdogo wangu Malachy,

Salamu zako zimefika, upara wako pia nimeuona kwa macho ya moyo. Babu alikuwa nao, na yeye hakuwa mwizi. Sisi hatujambo. Miguu yangu ni ileile, mmoja unatangulia na mwingine unalalamika. Delia ameshanipita kimo. Ana pua yako, maskini, lakini akili ni ya mama yake.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikaificha, nikaisoma tena. Malachy, mimi ndiye niliyemwosha Sabina. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa changu mwenyewe. Leo mtu aniite kwa jina lake, nami niitike? Naogopa. Tena nikikamatwa bandarini na uongo wangu, watamrudisha na Delia. Mtoto ndiye wa kuvuka. Mimi nitabaki.

Nilimweleza Padri Considine, kwa kuwa ni lazima yeye athibitishe karatasi. Akakuna kichwa, akasema, "Binti nitamwandikia. Na mama, nitaandika hawezi kusafiri."

"Padri, huo si uongo?"

"Uongo uko wapi, Honor? Wewe umewahi kuona maiti anasafiri?"

Ndivyo alivyoandika, na nafasi ya mama ikabaki wazi. Delia ataondoka Oktoba.

Viazi usivifikirie. Tuna kabeji, na yale majani ya kuwasha ukiyachemsha yanasafisha damu. Tunakula vizuri.

Jambo moja. Ananiita Mama tangu alipojua kusema. Nimemwambia aniite Shangazi, ajizoeze kabla ya safari. Analisema, kisha anasahau, nami namsamehe haraka kuliko inavyofaa.

Akikohoa usiku, mpe maziwa ya moto. Usimpigie kelele, hajazoea sauti ya mwanamume.

Dada yako,
Honor


Kiltanna
11 Januari 1847

Mdogo wangu,

Salamu. Mwandiko umepinda, ni baridi. Natumaini mtoto amefika na yuko mezani kwako ukiisoma hii.

Nilikudanganya. Kabeji iliisha kabla hujaisoma barua ile. Viazi vyote vilikuwa vyeusi, shamba zima lilinuka. Majirani zetu wa upande wa mto wamekwisha, mlango wao umeangukia ndani na hakuna aliyeuinua. Mimi nabeba mawe ya barabara ya serikali kwa ujira, pamoja na wanaume, ukilala tu njaa inakuamsha. Kila nilichopata nilimpa Delia ili afike melini akiwa na miguu.

Nimekubali, Malachy. Nitakuja kwa jina la Sabina. Nilikwenda kaburini kumwomba ruhusa. Hakusema kitu, na wewe unamjua, alikuwa akikataa jambo parokia nzima inasikia.

Padri ananizoesha. Kila asubuhi ananiita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Sabina! We Sabina!" Siku za mwanzo nilikuwa nageuka kumtafuta. Sasa naitika.

Waambie wakubwa wako kwamba mama sasa anaweza kusafiri. Fanya haraka, ndugu yangu.

Dada yako, na mke wako wa karatasi,
Honor


Wilaya ya Bathurst
15 Machi 1847

Dada yangu Honor,

Salamu kutoka kwetu sisi wawili! Nasema wawili, ona. Kutoka kwako sijapata neno tangu ile barua ya Agosti, lakini meli ni meli. U mzima?

Delia amefika salama. Hakimu alinipa ruhusa ya kutoka wilayani, nikavuka milima mpaka Sydney nimevaa koti la Noakes, ambalo lilikuwa zuri kabla hajazaliwa. Pale bandarini nikamwendea msichana mmoja mrefu nikamkumbatia huku nalia. Hakuwa yeye. Baba yake alitaka kunipiga. Delia alikuwa nyuma yangu ananitazama, akasema, "Ni wewe, Baba. Mama aliniambia nitafute mtu anayekosea."

Ananigomba kama wewe. Kibanda amekifagia mpaka Noakes anavua viatu mlangoni. Lakini, dada, nilipogeuza godoro lake nilikuta vipande vya mkate, vingine vina ukungu. Mtu anayekula vizuri haweki mkate chini ya godoro. Mnakula nini huko? Nataka ukweli.

Na hapa niseme jambo lililonikaa kooni. Afisa wa bandari alimuuliza mama yake anakuja lini. Akajibu, "Alifariki nikiwa mdogo, bwana." Ulimlea aseme kweli, naye akaisema. Afisa akalipiga mstari jina la Sabina. Nafasi ile imefungwa. Najifariji kwamba wewe ulikwisha kataa. Kama ulikataa, hakuna tulichopoteza, sivyo? Niandikie kwamba sivyo au ndivyo, lakini niandikie.

Mdogo wako,
Malachy


Wilaya ya Bathurst
4 Julai 1847

Dada yangu, dada yangu,

Salamu ziko moyoni, leo hazina nafasi hapa. Barua yako ya Januari imefika jana. Nimemsomea Delia, akatoka nje, nikamkuta zizini amekumbatia kondoo mzee, yule mwenye harufu.

Leo asubuhi tulikwenda kwa hakimu. Nikamwambia mke wangu yu hai, binti alichanganyikiwa kwa homa ya melini. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Tuohy, bandarini binti alisema mama kafa. Wewe unasema yu hai. Mmoja wenu mwongo, na mmoja wenu ana cheti ninachoweza kukichukua sasa hivi nikamrudisha kwenye minyororo."

Kabla sijafungua kinywa Delia akasogea mezani, akaweka mkono juu ya Biblia bila kuambiwa. Akasema, "Mama yangu yuko Kiltanna, anabeba mawe. Nilikosea. Naapa."

Nilimwona amekuwa mweupe mpaka midomo. Hakimu akaishika kalamu tena, akaandika. "Wanawake wa kwenu," akasema, "hufa na kufufuka kwa urahisi sana. Meli ya wake za wafungwa itaondoka Dublin kabla ya mwaka kwisha."

Sabina Tuohy yumo tena kwenye karatasi. Njoo, dada! Njoo hivyohivyo ulivyo. Uza chochote, tembea, ombaomba, siku ya meli uwepo Dublin. Na mpaka siku hiyo, kula. Hata ukiiba. Mimi nitakufundisha, ingawa unajua nilivyo fundi mbaya.

Mdogo wako anayekungoja,
Malachy


Wilaya ya Bathurst
12 Novemba 1848

Dada yangu Honor,

Salamu. Nakuuliza hali kama kawaida, kwa kuwa sijui kuanza barua kwa namna nyingine. Hii ni ya nne tangu uliponyamaza.

Meli ilifika mwaka huu, nami nikawa bandarini, mara hii bila kukumbatia mtu. Karani akasoma, "Sabina Tuohy." Akasoma tena. Mama mmoja wa kutoka Ennis, kulekule kwetu Clare, akanigusa mkono. "Huyo hakupanda, baba. Dublin walimwita vilevile." Nikamuuliza kama alikuwa anakujua. Hakuwa anakujua. Nikamuuliza habari za Kiltanna, akaangalia watoto wake, akasema kuna baridi huku asubuhi, sivyo?

Nilimwambia Delia kwamba kutopanda si kufa. Huenda ulichelewa, huenda miguu ilikuzuia. Alinisikiliza kwa miezi. Mwezi uliopita akaniambia, "Baba, tumkeshee."

"Hatukeshi mtu bila maiti, mwanangu. Wala bila habari."

"Basi wewe ngoja habari. Mimi namkesha mama yangu."

Akawasha mishumaa, akaweka tumbaku na chai, akawaita watu wetu wote waliotawanyika bondeni. Walikuja kwa miguu na kwa farasi. Mimi nilikaa nje na kondoo kama mpumbavu, nikawasikia wanawake wakianza kulia ile sauti ya kwetu. Noakes akatoka, amevua kofia. "Ingia, mzee," akasema. "Wanauliza jina. Wanataka kumwombea, na mtoto hasemi mpaka uwepo."

Nikaingia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Delia alikuwa kimya. Konstebo wa wilaya alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Kwa serikali, marehemu wetu ni Sabina, mke wangu. Nikisema jina jingine, itajulikana binti yangu aliapa uongo, na cheti changu ni cha kuchanwa. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Tumwombee nani, Malachy?"

Delia alikuwa ananitazama. Hakuniomba lolote. Lakini nilifikiri, dada, jinsi ulivyojizoesha kuitika jina la mwenzio ili utufikie, na kwamba Mungu akikutafuta leo kwa maombi yetu asije akampata mtu mwingine.

Nikasema, "Honor. Honor Tuohy, dada yangu."

Wakapiga magoti. Konstebo aliweka kikombe chini akatoka. Sijui kama alitoka kwa heshima au kwenda kwa hakimu, na tangu usiku ule hajapita huku.

Kama u hai, niandikie unitukane kwa kukulilia mapema. Nitayapokea yote, dada, neno kwa neno.

Mdogo wako,
Malachy