Samli ya Mama na Mtungi wa Gesi

Ihanda, Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi karibu saa nne, kisha jua likatoka na kukausha kila kitu isipokuwa viatu vyangu. Nimekaa kizingitini mwa chumba changu, mwanga bado unatosha, na mkono wangu wa kulia umechoka kwa kazi. Mwandiko wa leo utakuwa mbaya. Nisamehe, daftari.

Niko hai. Nashukuru Mungu.

Naanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeachiwa, ningeanza na sifa zangu, na leo sifa ninazo: nimechomelea kiraka changu cha kwanza ambacho ukikiinua juani hakipitishi hata uzi wa mwanga. Nitafika huko. Kwanza niandike yale mengine, ambayo nisingependa mtu ayasome.

Hii ni wiki yangu ya tatu hapa kwa Fundi Laurenti, Mhaya aliyejifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya jeshi wakati wa vita. Mimi ni mtu wa Bugomora, na miaka yangu ishirini na saba yote nimeimaliza nyuma ya ng'ombe. Kaka yangu anasema nimerukwa na akili, kwamba ng'ombe anazaa na chuma hakizai. Anasema hivyo mbele ya wageni ili wacheke, na wanacheka. Hata mimi hucheka, halafu usiku unapita nikiwaza moto ule mwembamba wa rangi ya buluu.

Gari tunalolitengeneza ni la Mchungaji. Ni la zamani, la miaka ya thelathini, lenye taa mbili kubwa kama macho ya bundi na madigadi mapana yaliyopinda vizuri. Ukiliona kwa mbali utalisalimia. Ukifungua mlango unaona barabara kupitia sakafuni. Mvua, tope na kulazwa nje vimeila sakafu yake kiasi kwamba mama Mchungaji alikuwa akisafiri ameinua miguu. Safari moja kitabu chake cha nyimbo kilidondokea pale, kikaokotwa kesho yake njiani na watu waliokuwa wakipeleka kahawa.

Siku za kwanza nilidhani kutu ni uchafu tu. Nikakwangua, chuma kikang'aa, nikaanza kuziba. Kila nilipokigusa kwa moto, tundu lililotosha kidole likawa la kutosha ngumi. Fundi aliniacha niharibu mpaka nikaridhika. Kisha akachukua nyundo ndogo akagonga pale, akagonga na pembeni yake. "Sikiliza," akasema. "Hapa kinaitika. Hapa kimekufa. Kata kilichokufa chote, usikionee huruma." Tukakata nusu ya sakafu. Mchungaji alipokuja kutazama, alishika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga, na sidhani kama alikuwa anaomba.

Mitungi ya gesi si yetu. Tumeazima kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, na lori litakuja kuichukua Jumamosi. Mmoja una gesi inayowaka. Mwingine, ule mrefu, una oksijeni, ambayo huukoleza moto ule mpaka uyeyushe chuma. Juu ya kila mtungi hufungwa saa ya kupimia, kwa nati kubwa. Siku ya kwanza kabisa Fundi aliniambia nisiiguse mitungi kama hayupo. Hakusema kwa nini. Nami sikuuliza, maana nilivyolelewa, mkubwa akikukataza unaitikia ndiyo na unaendelea na kazi.

Jumatatu nilipanda baiskeli kwenda nyumbani kumsalimia mama, na jana nikarudi. Kabla sijaondoka mama alinikalisha chini, akachota samli, akanipaka mikono yote miwili, kidole kimoja kimoja, huku akiomba. Kwetu wafugaji kila kinachoanza hupakwa samli. Mtoto mchanga, bibi harusi, mpini wa mkuki, kibuyu kipya cha maziwa. Mama yangu ni Mlutheri wa kweli na hakosi ibada, lakini samli hajaiacha, na Mchungaji hajawahi kumwambia aiache. "Mikono hii imepata kazi mpya, mwana wange," akasema. "Isiende mikavu." Akanipa na kibuyu kidogo cha kuja nacho.

Sasa nafika kwenye asubuhi ya leo.

Fundi alikuwa amekwenda kwa Mchungaji kumtuliza. Mimi nikataka akirudi akute kila kitu tayari, anisifu. Nikaichukua saa ya oksijeni nikajaribu kuifunga kwenye mtungi. Nati ikagoma. Ikazunguka kidogo, ikalia, ikakwama. Na mimi, mtoto wa watu wa samli, kitu kikilia najua dawa moja tu. Nikaleta kibuyu cha mama. Nikapaka nyuzi za nati, nikapaka mdomo wa mtungi, vizuri, kwa upendo hasa. Nati ikateleza kama inakwenda kwao. Nilijipongeza kwa sauti.

Fundi akarudi, akaona saa iko mahali pake, akanitazama. Akachuchumaa, akashika ufunguo wa mtungi. Kisha akainua pua. Samli ya kwetu haijifichi, maana vyombo vya maziwa tunavifukiza kwa moshi wa nyasi na harufu yake huingia hadi kwenye ukuta.

"Nani ana samli hapa?"

Ningesema tu. Lakini nilikumbuka kwamba niligusa nilichokatazwa, na kwamba kabla yangu alikuwepo mwanafunzi mwingine aliyefukuzwa kwa kutosikia. Nikaiona njia yote ya kurudi Bugomora, na kaka yangu amesimama mwisho wake na wageni wake.

"Ni nywele zangu, Fundi," nikasema. "Mama kanipaka."

Akacheka. Alicheka kwa wema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. "Basi kaa mbali na hapo, ukaoge kwa sabuni," akasema. "Mafuta na oksijeni ya mtungi havikutani. Vikikutana, Mama Koku atatuokota kwa ungo." Mama Koku ni mke wake. Akaanza kuugeuza ufunguo.

Sijui nilipataje sauti. Nilimrukia mkono nikaung'ang'ania. "Acha, Fundi! Nimepaka nati! Nimeipaka samli mimi mwenyewe, nati na mdomo wa mtungi!"

Fundi aliurudisha ufunguo ulikotoka, polepole, akauchomoa. Akanishika bega akanitoa nje, tukakaa kwenye gogo, na mvua bado ilikuwa ikinyesha. Hatukulitafuta paa.

Akaniambia kwamba kule jeshini alikuwa na rafiki aliyetia grisi nati ya namna hiyo ili izunguke vizuri. Oksijeni ikitoka kwa nguvu ile na kukutana na mafuta, hayahitaji kiberiti. Hadithi hakuimalizia. Alinigeuzia tu sikio lake la kushoto, lile nililodhani halisikii kwa sababu ya umri.

Nikaingia ndani kuchukua blanketi langu. Nilikuwa nimeshalikunja nilipomsikia mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Fundi."

"Na sakafu ya Mchungaji ataimaliza nani?" Akakaa juu ya kitanda changu, akiwa amelowa vilevile. "Sikiliza, Petro. Kutokukwambia sababu, hilo ni kosa langu. Nilikufundisha kama nilivyofundishwa jeshini, amri bila maelezo. La nywele ni lako. Hilo sitalichukua."

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana kaka yangu.

Tukafanya kazi mpaka saa nane bila kuwasha moto. Saa ile niliyoipaka aliifunga kwenye karatasi, irudi machimboni ikasafishwe na wenye dawa yake. Ipo ya akiba. Mdomo wa mtungi tuliuosha kwa maji yaliyochemka na sabuni, mara ya kwanza, ya pili, mara nyingi, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe na pua yake ikakubali. Mimi nikaoga kama bwana harusi. Nguo nilizovaa asubuhi ziko kwenye kamba, na kibuyu cha mama kimehamia jikoni kwa Mama Koku, mahali panapostahili samli.

Kisha akanipa ufunguo.

"Fungua wewe. Simama pembeni, usisimame mbele ya saa. Polepole."

Nilitegemea atatoka nje, na ingekuwa haki yake. Alibaki. Alisimama hatua moja kutoka kwangu, kwenye mtungi ambao asubuhi niliudanganyia, akakunja mikono akangoja. Nikageuza. Pakatoka sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza uji, mshale wa saa ukapanda, basi. Sijawahi kuaminiwa na mtu namna ile. Hata ng'ombe wa baba sikukabidhiwa hivyo.

Moto ukawaka. Nikavaa miwani myeusi, na mara hii sikuwa na haraka ya kusifiwa. Fundi alikwisha kunionyesha zaidi ya mara moja kwamba bati jembamba halichomelewi kwa mstari mmoja. Unalishika kwa nukta, moja huku, moja kule, unaliacha lipoe, unarudi. Ukienda moja kwa moja linajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Siku zote nilikuwa naelewa kwa masikio. Leo mikono imeelewa. Nilisubiri kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka kipate kung'aa, nikachovya waya, nikasogea. Kiraka kile kimo kwenye kipande cha sakafu kinachokaa chini ya miguu ya dereva, ambacho bado hakijachomelewa garini. Tulipokitoa na kukiinua juani, mimi na yeye tukiwa tumefumba jicho moja moja, hatukuona kitu. Kiza kitupu. "Wakola," akasema Fundi, na kwa Kihaya chao neno hilo ni asante na hongera kwa pamoja. Kesho tutakirudisha na kukifunga pande zote.

Saa kumi Mama Koku akatuletea ndizi na maharage. Anatupakulia kila siku, kwanza mumewe, kisha mimi, na mimi hunirundikia zaidi kwa sababu anasema wafugaji hatujui kula, tunakunywa maziwa tu na kujiita tumeshiba. Leo tulikula kimya. Akamuuliza mumewe kuna nini. Fundi akamjibu kwamba kijana kachomelea vizuri, na akaomba chumvi.

Ndipo akanigeukia mimi. "Kula, baba. Tangu umekuja, mzee wangu hajanirudia nyumbani amechoka kama zamani. Nakushukuru unavyonitunzia."

Mwanamke huyu alikuwa pale jikoni asubuhi yote akimenya ndizi, hatua ishirini kutoka kwangu, na hajui kwamba ilibaki robo ya mzunguko wa ufunguo awe mjane. Kwa ajili ya nywele zangu. Ananishukuru mimi.

Nina watu wengi wa kushukuru jioni hii. Fundi, ambaye hakunifukuza na hakunisemea. Mama, maana samli yake haina kosa lolote. Kosa ni la aliyeipeleka pasipo pake. Mungu, kwa pua ya Fundi na kwa ule utani wake wa ungo. Bila utani ule angegeuza tu, na mimi ningekuwa nimesimama pale nikifurahi kwamba uongo wangu umepita.

Hapo ndipo ninapokwama. Nilisema ukweli kwa sababu niliogopa kufa. Je, kama hatari ingekuwa ni ya kufukuzwa tu, ningesema? Nimekaa na swali hili tangu tulipomaliza kula, na ninalijua jibu lake.

Fundi hatamwambia mkewe. Nimemwona alivyoomba chumvi. Amenifunika, na mimi naweza kukaa chini ya kifuniko hicho, nikala ndizi za Mama Koku wiki kwa wiki, nikashukuriwa. Sitaki. Mama Koku akisikia akanifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mwenye haki zaidi.

Kesho kazi inaanza saa mbili. Nitapita jikoni kwake saa moja.