Niliizuia Kompyuta Isijifunge, Sasa Shemeji Anajua Mwanamke Alikojificha

Mpendwa mshauri, nisaidie maana chakula hakipiti na akili haitulii. Mimi ni mchapaji, nafanyia kazi nyumbani, wakili mmoja hunitumia sauti za wateja wake, nazisikiliza kwenye simu halafu naziandika kwenye kompyuta yangu. Aliniagiza kompyuta iwe inajifunga yenyewe kila baada ya dakika mbili, na wewe hujui adha yake, kwa sababu kazi yangu kubwa ni kusikiliza, mtu analia, ananong'ona, narudisha nyuma mara tatu mara nne, nikisema sasa niandike nakuta skrini imeshajifunga, naingiza neno la siri, nakosea, naingiza tena, na sentensi imeshanitoka kichwani. Siku moja nikachoka, nikaingia kwenye mipangilio nikaiambia isijifunge kabisa, na Mungu anisamehe, niliona raha.

Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, nilikuwa nachapa maelezo ya mwanamke aliyemkimbia mumewe baada ya kuvunjwa taya, na humo ameeleza anakoishi sasa, mtaa, rangi ya geti, mpaka duka la dawa lililo mkabala. Mama mkwe akaniita nimgeuze kitandani, hawezi kujigeuza mwenyewe, nikaenda, sikumaliza hata robo saa. Niliporudi nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu tunayeishi naye, amevuta kiti, amekaa mbele ya skrini. Nikamwuliza, "Shemeji, unatafuta nini hapo?" Akasema, "Nimekuja kuchaji simu tu." Kisha akacheka. "Kumbe yuko kule! Na jamaa amezunguka mji mzima."

Jamaa mwenyewe ndiye mume wa yule mwanamke, fundi rangi wa magari, wanafanya kazi gereji moja na shemeji, na ameshakula mezani kwangu mara mbili. Nikamshika shemeji mkono, nikamsihi asiseme, akanijibu, "Mambo ya mtu na mkewe yanakuhusu nini?" Jumamosi nikamwuliza kama amesema, akanyamaza, akaendelea kupiga viatu rangi. Mume wangu anasema nifunge mdomo, nikimwambia wakili kazi sina tena, na labda mdogo wake hajasema, najitafutia balaa bure. Nami leo Jumatatu najiambia labda kweli. Mshauri, niseme au nisubiri nione? Na hii kompyuta niifanyeje isinisumbue na isiniponze tena?

Mchapaji

MSHAURI ANAJIBU

Mchapaji, weka gazeti chini umpigie wakili. Ukimaliza, rudi usome yaliyobaki.

Umerudi? Haya. Unauliza usubiri uone. Uone nini, mama? Kinachoweza kuonekana hapo ni msiba tu. Mwanamke ambaye taya halijapona analala nyuma ya lile geti akiamini hakuna anayejua, na wewe unahesabu labda. Mtu uliyemwuliza akanyamaza, amekujibu. Ulielewa jibu lake, ndiyo maana chakula hakipiti.

Nakuhurumia, na sikusemi kwa kejeli. Kumgeuza mgonjwa huku vilio vya watu viko masikioni ni kazi ya watu wawili. Lakini raha uliyoiona siku ile hukuitoa kwako, uliitoa kwa mtu mwingine bila kumwuliza.

Mweleze wakili yote: siku, saa, shemeji ni nani, gereji ni ipi. Usipunguze chochote ili uonekane afadhali. Amhamishe dada huyo leo na awaambie polisi. Akikufukuza kazi, ana haki yake. Mumeo naye mwulize angesema hivyo kama taya lingekuwa la dada yake.

Kompyuta sasa. Dakika mbili ni chache kwa kazi ya kusikiliza, hapo nakuunga mkono, na ungemwambia wakili mapema mngekubaliana kumi. Ila kule kujifunga yenyewe ni kwa ajili ya siku utakayosahau. Siku nyingine zote unaifunga wewe, kwa mkono, kabla hujainuka kitini. Ni vibonye viwili, na mama mkwe atasubiri kwa muda huo. Kama inafunguka kwa alama ya kidole, tumia kidole, utaepuka kukosea kosea. Neno la siri asilijue mtu humo ndani, mumeo akiwemo. Na kama chumba kina mlango, ufunge.

Barua yako imenifikia Jumatano. Haina jina, haina namba ya simu. Nimeipindua bahasha mara mbili nikitafuta japo mtaa, ili nikupigie badala ya kukuandikia, nikakosa. Umejificha vizuri kuliko ulivyomficha yeye. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Shemeji yako amekutangulia siku nane.