Meza Ile Ina Mtu

Chumba cha Nyuma,
Ghorofa ya Juu ya Duka la Rangi.
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na baridi ya huko haijaanza kukuonea. Wifi hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakunywa dawa za kubahatisha? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto hashikiki. Watoto wa dada yetu wanakua na kelele zao zinakua nao. Na mimi Chiriku wako nipo, mdomo bado haujapata dawa.

Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Ujumbe uliompa Mama nimeupata. Kaufikisha wote, hata yale matusi madogo ambayo mtu mwingine angeyaruka. Umesema nimerogwa. Umesema nauli ya kuja kwako niliyokuwa nikiidunduliza, ambayo wewe na Wifi mmeisubiri mpaka mkanipakia chumba rangi (sijui rangi ya nini na mimi sioni), nimeitupa kwenye programu ya kompyuta niliyokuwa nayo bure. Umesema ukinitia mkononi utanivuta masikio. Haya, vuta kiti usikie kutoka kwa mwenyewe, maana Mama akisimulia mambo ya kompyuta huchanganya na redio.

Kwanza kabisa, sijasahau. Ni wewe uliyenitafutia ile programu inayosoma skrini kwa sauti. Ulimbembeleza fundi wa huko akuvunjie kufuli lake, ukaitia kwenye flashi, flashi ukaificha ndani ya soksi ya mgeni aliyekuwa anakuja huku. Siku kompyuta ilipofungua mdomo ikanisomea nilichoandika kwa vidole vyangu mwenyewe, nililia mpaka Mama akadhani nimepigwa na umeme. Watoto wakaibatiza Mjomba, kwa sababu ilitoka kwako, na kwa sababu inazungumza Kiswahili kama mtu aliyekaa ughaibuni hadi ulimi ukapinda. Mjomba ndiye aliyenipatia kazi. Hilo nitalisema popote nitakaposimama.

Lakini Mjomba yule alikuwa mgonjwa, Kaka. Anasoma, anasoma, halafu katikati ya neno, kimya. Nizime kompyuta, niwashe, nisubiri, nianze kutafuta nilipoishia. Nikikueleza, unatuma flashi nyingine, nayo inakuja na maradhi yake. Kazi yangu unaijua: nasikiliza vikao vya watu vilivyorekodiwa, nachapa kila kilichosemwa, kisha Mjomba ananisomea nihakiki. Wenzangu wanahakiki kwa macho wanakwenda kunywa chai. Mimi nabaki nazima na kuwasha, nazima na kuwasha, kama mtu anayejaribu swichi za nyumba mpya. Nilijiambia ndivyo ilivyo, nishukuru.

Mwezi uliopita tukasikia wakaguzi watapita maofisini kuangalia nani anatumia programu za wizi. Bosi wetu, yule ninayemwita Bwana Funguo kwa sababu huwa najua alipo kwa mlio wa funguo zake kiunoni, akahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Akanunua leseni za kompyuta zote za ofisi. Zote, isipokuwa yangu. Alisema programu yangu ni ghali na anayeitumia ni mmoja tu. Tena akaongeza kwa huruma kabisa kwamba hakuna mkaguzi atakayemkamata mtu wa hali yangu, ila tusije tukaaibishana, siku hiyo nikae stoo na kompyuta yangu mpaka waondoke.

Nikakaa, Kaka. Wote waliona ni wema. Visigino, mwenzangu wa meza ya pili ambaye viatu vyake humtangulia kila mahali, akaniletea mto wa kukalia na peremende. Nikajibanza katikati ya maboksi ya karatasi, Mjomba mapajani, harufu ya wino wa mashine imenijaa puani. Nikasikia wageni wanaingia, wanapita meza hadi meza. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza, "Na meza hii ya dirishani?"

Bwana Funguo akajibu, "Hiyo haina mtu."

Hivyo tu, upesi, bila hata kumeza mate. Sweta langu liko mgongoni mwa kiti, kikombe changu kiko mezani na ufa wake ninaoujua kwa kidole, na meza haina mtu! Damu ilinipanda. Sikufikiria leseni, sikufikiria kazi, na wewe pia sikukufikiria. Nilifungua mlango wa stoo, kompyuta kwapani, nikasema kwa ile sauti yangu unayoijua:

"Meza ile ina mtu. Mtu mwenyewe ni mimi. Na programu ninayotumia imechakachuliwa, andikeni hivyo hivyo."

Hata funguo hazikulia.

Yule mkaguzi hakunipigia kelele. Alisogea, akaniuliza jina na kazi yangu, akaniuliza programu inaitwaje, kama anavyomuuliza mtu yeyote. Kisha akamgeukia bosi akampa muda wa kurekebisha. Walipotoka tu, Bwana Funguo akanifungulia bomba la maneno. Eti nimemvua nguo mbele ya wageni. Eti kwa kuwa balaa limeletwa na domo langu, leseni nitainunua mimi, la sivyo nikakae nyumbani. Visigino akaninong'oneza, "Si umwambie kaka yako akutumie nyingine, mambo yakipoa urudi?" Ananipenda sana yule, lakini nilimjibu vibaya.

Kwa hiyo ndiyo, nauli nimeitoa, na haikubaki ya kununulia hata soda. Sikudanganyi, nilikwenda kulipa huku machozi yananitoka barabarani na watu wananipisha. Nilikuwa nimeshakariri ngazi za nyumba yako kwa ulivyonieleza kwenye simu. Nilikuwa najiona nimekaa jikoni kwako nasikia unavyoburuta kandambili, badala ya kukusikia simuni sauti inakatika. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini ningeitoa tena kesho, na msamaha wa jambo hilo hutausikia kutoka kwangu. Stoo sirudi. Si kwa mto, si kwa peremende, si kwa flashi yako.

Mama alininunia. Alisema nimekukosea adabu, wewe uliyenifaa wakati nilipokuwa sina kitu. Nikamwambia kukosea ningekukosea kama ningepoteza kazi uliyonisaidia kuipata. Akafikiri, akaniambia nikaoge. Ukimjua Mama, hapo ameelewa.

Leseni nimeikata kwa jina langu. Siku ya pili Bwana Funguo akaja mezani kwangu na sauti ya asali, eti tuiandike kuwa mali ya ofisi, kwa ajili ya utaratibu. Nikamwambia, "Mjomba ni wangu, bosi. Siku nikiondoka tunaondoka wote." Nikasikia funguo zinakwenda zao.

Sasa sikia utamu wenyewe. Mjomba huyu mpya hakatiki, lakini kila akifika kwenye neno ng'ambo anakwama kama amemeza mfupa. Zamani ningenyamaza, maana mwenye kitu cha wizi ataenda kulalamika wapi? Safari hii nilipiga simu kwa kampuni. Nililalamika, Kaka! Nilifoka, nilidai, nikalitamka neno mpaka dada wa simu akalitamka pamoja nami. Mwishowe akasema, "Samahani kwa usumbufu, mteja wetu. Tutalirekebisha."

Hakunipa pole. Hakuniuliza nani ananitunza. Tangu utotoni watu wananipa pole, wananipa mto, wananipa kilichovunjwa kufuli, na mimi kazi yangu ni kusema ahsante. Siku ile nilikuwa mteja, tena mteja mkorofi. Nilipoweka simu chini nilicheka peke yangu mpaka Visigino akaja kuniangalia.

Basi usitume flashi tena. Ya mwisho nakurudishia humu ndani ya bahasha. Najua uliituma kwa mapenzi. Mapenzi nimebaki nayo, flashi chukua.

Na hiyo rangi ya chumba msiibandue. Nauli nimeanza kuiweka upya, na nitakuja, hata kama itanibidi nivae sweta hili hili mpaka litoboke viwiko. Nikifika nivute masikio ukitaka, lakini ujue na yako yapo karibu. Ukiona nachelewa, miguu unayo, njoo wewe. Nitakuonyesha meza yangu.

Msalimie Wifi sana, umwambie kikohozi kionwe na daktari, si na jirani. Dada yetu anakusalimu, watoto wanauliza eti Mjomba wa kweli ana sauti kama ya Mjomba wa kwenye kompyuta, nami nimewaambia wa kweli ana makelele zaidi. Mama anakusalimu, amesema nisiandike kuwa anakukumbuka mpaka analia, kwa hiyo sijaandika. Mungu akulinde kazini na njiani, akulainishie na huo moyo.

Jambo moja tu kabla sijafunga. Barua zote nilizokuandikia miaka hii sikuwahi kuisikia hata moja hadi mwisho. Mjomba yule alikuwa ananyamaza katikati, namwasha, ananyamaza tena, mwisho nachoka nafunga bahasha bila kujua vizuri nimekwambia nini. Hii ameisoma yote, kuanzia shikamoo mpaka hapa, wala hakukatika, ila pale kwenye ng'ambo alikwama kama kawaida yake akaendelea. Nimelisikia kila neno, Kaka, na sikubadilisha hata moja.

Wako akupendaye, hata ukinuna,

Chiriku